Kadi Zinapohamia kwa Wenye Pesa

Siku hizi hununui kadi ya kukusanya Toi Market, hapa Nairobi, kabla muuzaji hajaipiga picha. Unaichomoa katikati ya vidoli na magari ya plastiki yaliyotoka kwenye marobota ya mitumba, unauliza bei, naye anakwambia, "Ngoja kidogo, bosi," kisha anatoa simu. Baada ya sekunde chache anakutajia bei aliyoiona kwenye mnada wa Marekani. Kadi iliyouzwa kule ilikuwa ya toleo la kwanza, haina mkunjo, imefungwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba 10, alama ya juu kabisa ya ubora. Hii iliyo mkononi mwako imetafunwa pembe na mtoto fulani wa Ulaya. Hilo halimhusu muuzaji. Charizard, lile joka la Pokémon, ni Charizard. Na ni kadi hizo hizo ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa zikilala kwenye karai moja na vipande vya Lego, uchague yoyote kwa shilingi 10.

Mama huyo muuzaji simlaumu hata kidogo. Robota amelinunua likiwa limefungwa, hajui kilichomo, na karo ya watoto inamsubiri. Kama dunia imeamua kwamba karatasi isiyofika gramu mbili inaweza kununua nyumba, yeye ana haki ya kuuliza kama nyumba hiyo imemwangukia Toi.

Ninacholilia ni kubadilishana. Tangu tukiwa wadogo mchezo huu ulisimama juu ya jambo moja: ninayo uliyoikosa, unayo niliyoikosa. Saa ya mapumziko shuleni mtu alitoa rundo lake la kadi za wanasoka lililofungwa kwa mpira wa kubania, akalipitia upesi mbele ya wenzake, nao wakiitikia: ninayo, ninayo, ninayo, sina! Hapo kwenye "sina" ndipo mazungumzo yalipoanzia. Hakuna aliyekuwa na bei kichwani. Beki wa timu ya mkiani aliweza kukuletea mshambuliaji wa timu kubwa, mradi mwenzako alikuwa amebakiza nafasi hiyo moja kwenye ukurasa wake. Kadi ilithaminiwa kwa pengo ililoziba kwenye albamu ya mtu, na kila mtoto alikuwa na mapengo, hivyo kila mtoto alikuwa na cha kuleta.

Kadi yenye bei ya mnada haibadilishwi hivyo. Kabla ya kuinua mkono kila mmoja anachungulia simu, na mazungumzo yote yanageuka kuwa hesabu ya nani ananyonywa. Nimewaona vijana wawili kwenye maonyesho ya katuni na gemu hapa Nairobi wakikaa nusu saa juu ya kadi mbili, wakitafuta mauzo ya hivi karibuni, wakibishana kama kiwango cha dola ni cha leo au cha jana, halafu kila mmoja akarudi na kadi yake. Wote wawili walikuwa wakiitaka ya mwenzake. Hilo ndilo linaloniuma.

Wapo wanaosema kadi za kukusanya zimekuwa ghali tangu zamani, kwa hiyo hakuna jipya. Si kweli, na historia yenyewe inaonyesha tofauti. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, ilitolewa na kampuni ya tumbaku ya Marekani kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara. Uchapishaji wake ulikatizwa mapema, zikabaki chache, na moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Kadi ya Mickey Mantle, naye wa besiboli, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952 ilikuwa kwenye fungu lililofika madukani msimu ukiwa ukingoni, watoto wakiwa wameshageukia mambo mengine. Maboksi yalikaa ghalani miaka mingi, hadi 1960 kampuni ikayapakia kwenye jahazi la mizigo na kuyatupa baharini. Agosti 2022 nakala moja ya Mantle hiyo iliuzwa dola milioni 12.6. Aliyeiuza alikuwa ameinunua 1991 kwa dola 50,000.

Hizo ni bei za kutisha, lakini uhaba wake ulitokea wenyewe. Hakuna mtu aliyekaa ofisini mwaka 1952 akapanga watoto waikose Mantle. Topps ilitaka kila mtoto ainunue, ikashindwa kuiuza.

Kisha ukaja wakati wa kinyume. Mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, Wamarekani waliposikia kadi za babu zao zina pesa, walianza kununua maboksi mazima na kuyaficha. Kampuni zikachapa bila kupumua. Matokeo yake ni milima ya kadi ambazo hadi leo hazina mnunuzi. Na funzo ambalo kampuni zililipata hapo ndilo lililotufikisha tulipo: kwamba uhaba hauwezi kuachiwa bahati, lazima utengenezwe. Wakaanza kuandika namba kwenye kadi, hii ni ya 14 kati ya 99, hii ni moja na hakuna nyingine duniani. Msimu wa 2003/04 kampuni ya Upper Deck walitoa seti ya mpira wa kikapu iliyoitwa Exquisite, pakiti ya kadi 5 kwa dola 500. Watu walicheka, halafu wakanunua. Kadi ya LeBron James kutoka seti hiyo iliuzwa dola milioni 5.2 mwaka 2021. Tangu siku ile kila mtengenezaji amekuwa na bidhaa yake ya vyumba vya juu. Waliochapa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering waliadhimisha miaka 30 ya mchezo wao, mwaka 2022, kwa pakiti 4 za kadi 15 kila moja, dola 999, na kadi zenyewe haziruhusiwi hata kwenye mashindano rasmi.

Kuna kisa kimoja cha hivi karibuni ambacho hakinitoki. Mwishoni mwa 2024 mtoto wa miaka 11 huko Los Angeles alifungua pakiti akakuta kadi ya Paul Skenes, mrushaji mpira wa klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates, iliyo moja tu duniani, yenye saini na kipande cha nembo kilichovaliwa kwenye jezi siku ya mechi yake ya kwanza. Klabu yenyewe ikajitokeza kutaka kubadilishana: tupe kadi, tukupe tiketi mbili za msimu kwa miaka 30, pale pale nyuma ya eneo la kupigia mpira, pamoja na jezi zenye saini na mengine. Hiyo, kwangu, ndiyo ofa nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia katika mchezo huu, miaka 30 ya kwenda uwanjani na mzazi wako. Familia ikaipeleka kadi mnadani. Iliuzwa dola milioni 1.11 Machi 2025. Siwezi kuwahukumu, kwa pesa hizo nani angekataa? Ila tazama kilichotokea: hata klabu ya ligi kuu, ikiwa na kila kitu cha kumpa mtoto, haikuweza kushindana na bei.

Na anayetengeneza uhaba anazidi kuwa mmoja. Mwaka 2021 kampuni ya Fanatics ilijipatia haki za baadaye za kadi za besiboli, mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani, na Januari 2022 ikainunua Topps. Panini, kampuni ya Modena, Italia, iliyochapa albamu za Kombe la Dunia tangu Mexico 1970, iliifungulia Fanatics kesi ya ukiritimba mwaka 2023. Hata kadi za Ligi Kuu ya Uingereza, ambazo ndizo zinazotuhusu zaidi huku kwetu, zimetoka Panini kurudi Topps kuanzia msimu wa 2025/26. Mtoto wa Nairobi anayepata pakiti ya ligi hiyo hana habari na mahakama za New York, lakini bei yake inaamuliwa huko.

Upande wa Pokémon mambo yanashangaza kwa namna nyingine, maana pale kadi zipo. Katika mwaka ulioishia Machi 2024 zilichapwa kadi bilioni 11.9. Bilioni! Inatosha kila binadamu aliye hai kupata moja na bado zikabaki. Sasa kwa nini rafu ni tupu? Ni kwa sababu wanunuzi wengi wa maboksi hawafungui. Wananunua wakaweka, kama vile mtu anavyonunua ploti Kitengela na kuiacha na nyasi akisubiri ipande. Walianza wakati wa korona, watu wakiwa wamefungiwa nyumbani na wengine wana pesa za serikali mkononi. Mei 2021 maduka ya Target huko Marekani yalisimamisha uuzaji wa kadi baada ya watu kupigana kwenye maegesho ya magari. Agosti 2025 huko Japani, McDonald's walipotoa kadi za Pokémon na chakula cha watoto, walanguzi walinunua vyakula kwa wingi, wakachukua kadi, wakatupa chakula. Mimi nimekulia mahali ambapo chakula hakitupwi, na picha zile zilinikasirisha kuliko bei yoyote ya mnada.

Tuje nyumbani. Pakiti ya kadi 10 za Pokémon ambayo Mmarekani anatakiwa kuipata dukani kwa dola 4.49 ni kama shilingi 580 kwa kiwango cha sasa cha takriban 129 kwa dola. Hiyo ni kabla haijaondoka kule. Hapa Kenya hakuna anayeipata kwa bei hiyo, kwa sababu mwagizaji wetu mdogo hayumo kwenye orodha ya wasambazaji. Ananunua kutoka kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na kila mkono umeshachukua chake. Ongeza nauli ya ndege. Ongeza ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, kisha VAT ya asilimia 16, ambayo inakokotolewa juu ya jumla ikiwa ni pamoja na hiyo nauli. Halafu faida ya mwenye duka, ambaye kodi ya chumba chake Westlands haimngoji. Pakiti ikimfikia mtoto wa Kayole imepita elfu moja, na ndani yake kuna uwezekano mkubwa wa kukosa kadi yoyote ya thamani. Shilingi yenyewe nayo ilituchezea. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama 113, Januari 2024 ikapita 160, na bei za kadi zilizopanda wakati huo hazikushuka shilingi ilipojikwamua. Sijui mwanafunzi gani wa darasa la sita anayeweza kuweka elfu moja kwa bahati nasibu ya karatasi, na sitaki kumjua mzazi anayeona hilo ni sawa.

Halafu kuna gredi. Huu ndio mlango ambao kwa maoni yangu umewafungia wengi zaidi kuliko bei ya pakiti. Kampuni kubwa ya kupima kadi ni PSA ya California, iliyoanza 1991. Unawatumia kadi, wanaikagua pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, wanaipa alama kuanzia 1 hadi 10, wanaifungia kwenye kasha lisilofunguka. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa nzuri: kumhakikishia mnunuzi kwamba hauziwi bandia. Lakini leo kati ya 9 na 10 kuna pengo la bei ambalo jicho la kawaida haliwezi kulieleza. Machi 2021 maombi yalikuwa mengi hadi wakasimamisha huduma zao nyingi.

Kutoka Nairobi safari hiyo ni adhabu. Kadi inakusanywa pamoja na za wenzako ili mgawane gharama, inalipiwa bima, inasafiri, inasubiri miezi, inalipiwa zaidi ya dola 20 kwa daraja la chini, na ikirudi uwanja wa ndege wa JKIA inabidi ueleze kwamba ni mali yako iliyokwenda kutembea, hujanunua kitu. Kwa kadi ya thamani ya shilingi elfu tatu hesabu haikubali. Hivyo anayepeleka ni yule tu mwenye kadi za makumi ya maelfu, na kadi zake zikirudi zinakuwa za makumi mengi zaidi, na aliyebaki na zake kwenye daftari la plastiki anaambiwa "hizo ni mbichi," yaani hazijapimwa. Nina rafiki Mombasa ambaye kadi zake zinazometa zinajikunja kwa unyevu wa pwani hata akiziwekea vifuko vya kukausha. Zake hazitapata 10 kamwe, na ni mkusanyaji hodari kuliko wengi ninaowafahamu, anayeweza kukueleza mchoraji wa kila kadi.

Kadi iliyo ndani ya kasha, kwa vyovyote, haichezwi tena. Haiingii kwenye albamu. Mtoto hawezi kuigusa.

Kutoka hapo ndipo ubaguzi ulipozaliwa miongoni mwetu wenyewe, na hili nalisema waziwazi ingawa najua litawaudhi baadhi ya wenzangu. Lipo kundi moja la WhatsApp jijini ambalo halikupokei mpaka uonyeshe kadi iliyopimwa. Mzigo ukiingia, walio karibu na wasimamizi wanagawiwa kwanza, halafu mabaki yanawekwa hadharani yakiwa yamepandishwa bei. Kijana wa kidato cha pili niliyempendekeza alijibiwa kwamba hapo ni pa "wakusanyaji makini." Kijana yule anajua kila toleo kwa tarehe yake. Ana rundo alilolijenga kwa miaka, kadi moja moja kutoka kwenye mitumba. Kama huo si umakini basi sijui tunapima nini. Tuko wachache Nairobi, tunajuana karibu wote kwa sura, na tumeshaanza kuweka askari mlangoni.

Watu wa makundi hayo hupenda kuwacheka watoto wenye kadi bandia, zile za rangi ya dhahabu zinazouzwa kwa bei ya jumla Eastleigh na kuenea mitaani. Mimi sizichekei. Ndizo kadi pekee ambazo mtoto wa mtaani anaweza kununua pakiti nzima, na ukikaa nje ya shule yoyote ya msingi utaona zinabadilishana mikono kwa furaha ile ile tuliyokuwa nayo. Ubaya unaanza mtu anapomuuzia mwingine bandia kwa bei ya halisi, na hapo inafaa mtoto afundishwe. Ishikilie mbele ya taa: kadi halisi ina tabaka jeusi katikati ya karatasi, mwanga haupiti kirahisi. Tazama jina Pokémon nyuma, kama kile kialama juu ya herufi e kipo. Tazama buluu ya mgongoni, bandia nyingi huwa imefifia au imekoza kupita kiasi. Dakika mbili tu, na mtoto ameshapata ujuzi ambao wengine wanautoza ada.

Kwangu mimi wokovu umepatikana mahali ambapo wawekezaji hawaangalii. Nakusanya wanasoka Wakenya. Stika ya McDonald Mariga enzi za Parma, kabla hajakwenda Inter na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Kadi za Victor Wanyama za Southampton na Tottenham. Michael Olunga wa Kashiwa Reysol, mwaka ule wa 2020 alipofunga mabao 28 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Divock Origi pia namweka, ingawa alichezea Ubelgiji, kwa sababu ni mtoto wa mwanasoka wetu Mike Okoth na hakuna atakayeniambia vinginevyo. Hizi bado zinapatikana kwa bei ya binadamu, na mwenye nazo akisikia kwamba unatoka nchi ya kina Wanyama mara nyingi anakubali kubadilishana. Ukurasa wa Harambee Stars kwenye albamu ya Kombe la Dunia haupo, kwa kuwa hatujawahi kufuzu. Ninausubiri.

Mwaka 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 Kasarani kwa bao la Ryan Ogam, rafiki yangu mwalimu huko Umoja alikuta darasa lake limejaa kadi. Watoto walikuwa wamekata karatasi ya manila, wakachora wachezaji kwa kalamu za rangi, wakaandika namba za jezi na nguvu za kila mmoja: kasi 9, mashuti 10. Ogam alikuwa ndiye adimu, kwa sababu kila aliyemchora alikataa kumtoa. Mwalimu alinitumia picha. Kadi mbili za Ogam hazikufanana hata kidogo, na moja ilikuwa na masharubu. Tulipotolewa na Madagascar kwa penalti, kadi hazikutupwa. Waliongeza kipa.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Viwanda vya uchapaji tunavyo, Industrial Area imejaa mitambo inayochapa vitabu vya shule na kalenda. Ningependa kuona albamu ya mashindano hayo ambayo pakiti yake haizidi bei ya chapati mbili, isiyo na namba za uhaba, stika zote zikichapwa kwa idadi sawa. Wenye haki wakiliamua hilo mapema, linawezekana. Nimeshaanza kuwauliza watu wa uchapaji gharama zake, na nitaandika majibu yao hapa nikiyapata.

Kwa sasa tunayo meza. Ni wakusanyaji wachache tunaokutana wikendi, na tumekubaliana kwamba kila mmoja analeta sehemu ya kadi zake zisizo na bei, za kubadilishana tu, moja kwa moja. Simu zinakaa mfukoni. Aliye chini ya miaka 15 anachagua kwanza. Kadi za bandia zinaruhusiwa zikitajwa kuwa bandia. Mkubwa akitaka kuuza, anauza kwenye meza ya pembeni, hatumzuii. Ukija na mtoto, mwambie alete zile zilizojirudia, hata zikiwa zimekunjika, na kama ana Wanyama wa Celtic naomba aniulize mimi kwanza.